Rangi ya Tatu, Upande wa Dereva

Masika wangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia unacheka na mama yako jikoni, na kicheko hicho kinatosha kuniambia. Mimi niko huku karakana, nimekalia kile kiti chenye mguu mfupi. Mvua imeacha tangu saa nane, jua limerudi, na sanduku lako la bati liko mbele yangu juu ya matofali mawili. Naandika jina lako pande zote mbili. Rangi ya kwanza inakauka sasa, na kwa kuwa haifai kuguswa kabla haijakauka, nina nafasi ya kukuandikia. Ukiona barua inakatika na kuanza tena, ujue nilikuwa nimeinuka kushika burashi.

Mambo ya kuchemsha maji, na kunyamaza kwenye vizuizi vya askari, na nani wa kusalimiwa ukifika Beni, mama yako ameshayasema, tena mara mbili mbili. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukueleza jambo moja tu kuhusu lile gari lililoandikwa Wasingya. Umekua ukisimuliwa habari ya gari hilo, na habari uliyosimuliwa si ya kweli. Nimekaa nayo miaka minne. Leo asubuhi mama yako ameniuliza, "Utamuambia weye, ao nimuambie mimi?" Basi nakuambia mimi. Lakini unajua baba yako hawezi kufika popote bila kupitia kwenye herufi, kwa hiyo vumilia.

Nilipoanza kazi hii, waandishi wote wa mabango hapa Butembo waliandika herufi zenye miguu. Walizinakili kwenye majalada ya Biblia, kila herufi na vijiguu vyake chini na vijikofia vyake juu. Kwenye Biblia zinapendeza. Lakini mfanyabiashara wa Butembo anakuletea ubao wenye urefu wa kitanda cha mtoto, kisha anataka uandike jina lake, jina la baba yake, "et Fils", yaani na wanawe, na kila kitu anachouza kuanzia misumari mpaka sukari. Nikakata miguu na kofia. Nafasi ikapatikana, lakini haikutosha. Nikazibana herufi zenyewe mabega, zikakaa karibu karibu kama watu kwenye benchi la kanisa siku ya Krismasi. Halafu kuna vumbi. Unalijua vumbi la kwetu: mstari mwembamba ulioandika Jumatatu, Ijumaa hauonekani. Nikazinenepesha. Hapo nikapata taabu mpya, kwa sababu herufi nene iliyobanwa inaziba matundu yake yenyewe, na R haijulikani tena na B. Ilinichukua karibu mwaka mzima kugundua kwamba mistari ya kulala lazima iwe myembamba kuliko mistari ya kusimama, kidogo tu, jicho lisijue.

Kuinama kulikuja mwisho. Nilikuwa nimekaa hapa mlangoni nikamwona mtu anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, imejaa viazi, anapanda nayo kilima. Mwili wake wote ulikuwa umeinama mbele, na hakuna nguvu iliyopotea. Nikachukua chaki nikaandika neno kwa mwinamo ule ule. Tangu siku hiyo hizo ndizo herufi zangu: nene, zilizobanwa, zimeinama, na zinatembea peku. Watu wakaziita herufi za mbio.

Na mimi nikalewa nazo. Niliziandika kila mahali, hata pasipostahili. Watu wa Mabalako waliniita niandike MATERNITÉ, nyumba ya kujifungulia, kwenye ukuta wa kituo cha afya, nikawaandikia za mbio. Muuguzi mkuu alisimama mikono kiunoni, akaangalia muda mrefu. "Papa, hii neno iko nakimbia. Mama mwenye mimba ya miezi kenda, naye akimbie?" Mchungaji wetu naye alikataa ubao wa kanisa, akasema Mungu hana haraka ya namna ile. Niliwakasirikia wote wawili, na wote wawili walikuwa na haki. Sikuwa nimejiuliza neno lenyewe linataka kusimama vipi. Nilikuwa najipendeza tu.

Ngoja, rangi imekauka. Narudi.

Nimerudi. Rangi ya pili imekaa vizuri, ila inzi mmoja ametua kwenye S nikalazimika kumtoa kwa ncha ya wembe. Tuendelee.

Papa Kasereka unamjua kama bwana wa uchapaji wa Beni, ambaye utaanza kufanya kazi kwake. Mimi namjua tangu tulipokuwa tunakalia dawati moja shule ya msingi. Kabla ya vita alikuwa akinunua maharagwe Kasugho, akayauza huku, mwaka baada ya mwaka, mpaka akapata lori. Siku alipolileta hapa alikuwa amevaa shati la harusi yake. Alitaka neno moja tu ubavuni, kubwa, pande zote mbili: WASINGYA. Asante yetu ya Kinande, basi. Nilifurahi na nikaogopa, kwa sababu neno lile linaanza na W. Kuifanya W iwe nene na hapo hapo iwe nyembamba ni sawa na kupitisha meza kwenye mlango wa choo. Lakini niliipitisha. Nilimaliza ubavu wa kulia, nikahamia ubavu wa dereva, nikaandika vile vile, nikamwita.

Alikuja na nusu ya soko. Akasimama upande wa kulia, akatabasamu. Akazunguka upande wa dereva, akaacha kutabasamu. Akarudi kule, akarudi huku.

"Kakule," akasema, "kuya uangalie. Huku gari inaenda Beni. Zunguka. Huku iko narudia Butembo. Sasa mimi niko naenda wapi?"

Alikuwa na haki, na ilinichukua dakika nzima kuona. Herufi zangu huinama kuelekea kulia. Ukisimama upande wa kulia wa gari, kulia kwako ndiko mbele ya gari, kwa hiyo herufi zinakimbia nalo. Ukisimama upande wa dereva, kulia kwako ni nyuma ya gari. Gari linaenda mbele, herufi zinavuta nyuma. Soko lilicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kwa miaka mingi kuna watu walioniita Nenda-Rudi, na wewe ulipokuwa mdogo ulidhani hilo ni jina langu la ubatizo.

Niliukwangua ubavu wote wa dereva kwa msasa, peke yangu, bila kusema na mtu. Halafu nikaandika upya herufi zikiinama kushoto. Hakuna aliyewahi kunifundisha kuinamisha kushoto. Mkono ulikataa, bega likauma, na W ilinitoa jasho kuliko mara ya kwanza. Lakini lilipotoka hapa, lori lilikimbia pande zote mbili, na watoto wa barabara yote mpaka Oicha walilijua kwa jina.

Vita ikaja, ikaenda kidogo, ikarudi. Unakumbuka siku Papa Kasereka alipofika hapa kwa miguu, bila viatu, gari limenyang'anywa njiani. Tulimshukuru Mungu kwa ajili ya maisha yake. Wiki moja baadaye lori lile lile likaingia katika ua wetu, limejaa askari. Wewe na mdogo wako mlikuwa chini ya kitanda. Kwa hiyo hili hukuliona, na wote waliokusimulia hawakuliona pia.

Mkubwa wao alishuka, akapapasa neno WASINGYA kwa kiganja.

"Mzee, ni weye uliandika hii?"

"Ndiyo, mukubwa."

"Iko kitoko. Vraiment, kitoko. Sasa futa hii, andika BRIGADE. Mais namna hii hii, na mbio yake. Noki-noki!"

Masika, hapa ndipo ninapoona aibu, kwa hiyo nasema haraka kama alivyotaka yeye. Alipoziita herufi zangu nzuri, nilifurahi. Rafiki yangu amenyang'anywa mali yake, bunduki ziko uani kwangu, watoto wangu wako chini ya kitanda, na ndani ya moyo wangu kuna kitu kiliinua kichwa kikasema, umeona, hata hawa wanajua kazi nzuri. Nikawaandikia BRIGADE yao kwa ufundi wangu wote. Upande wa dereva niliinamisha kushoto bila kuambiwa.

Jambo la pili. Kila mtu anayefanya kazi yetu anajua kwamba kabla ya kuandika juu ya jina la zamani, unalikwangua mpaka bati liwe laini. Kukwangua mbavu mbili za lori ni kazi ya siku nzima. Mimi nilitaka watu wale watoke uani kabla mdogo wako hajakohoa. Nikapaka rangi moja tu, nyepesi, niliyoichanganya na petroli ili ikauke upesi, nikaandika juu yake, wakaondoka. Sikukwangua kwa sababu niliogopa, mwanangu. Sikuwa na wazo lingine lolote.

Yaliyofuata uliyasikia. Miezi ikapita, wenye nguvu wakabadilika, na wachungaji na wafanyabiashara wakaruhusiwa kwenda Oicha kudai magari yaliyokusanywa pale. Lori halikuwa na namba, karatasi zake zilikuwa zimeungua, na watu watatu walikuwa wanalidai. Papa Kasereka akamwomba afisa, mtu wa mkoa mwingine asiyetujua, aje asubuhi jua likiwa chini, aangalie ubavu kwa kuinamisha kichwa. Chini ya BRIGADE, kwa kivuli chake tu, neno lilikuwa limesimama: WASINGYA. Afisa akapapasa ile W, akasema, "Iko jina hapa." Wakampa gari lake.

Jumapili iliyofuata Papa Kasereka alisimama kanisani kwetu. "Bandugu, huyu Kakule munaona, alidanganya basoda. Aliacha jina yangu chini ya rangi, na bunduki iko mu mugongo yake!" Watu wakapiga makofi, wamama wakapiga vigelegele, na wewe ulikuwa umenishika mkono, unaniangalia. Ningeweza kusema palepale. Nilitikisa kichwa kama mtu mnyenyekevu, nikakaa. Baadaye ukaandika insha shuleni kuhusu baba yako shujaa, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Nimeitunza ndani ya kopo la burashi za zamani, na kila ninapotafuta burashi ya nambari sita naikuta inaningoja.

Nilizoea. Mtu anazoea kusifiwa upesi kuliko anavyozoea viatu vipya. Lakini mwezi uliopita ulipotuma karatasi yako ya herufi Beni kuomba kazi, na Papa Kasereka akajibu kwa mstari mmoja, "Binti ya Kakule akuye," sikuweza kumaliza chakula. Niliona kwamba nakupeleka kwenye kazi yako ya kwanza juu ya mgongo wa uongo wangu. Ndiyo maana Alhamisi nilipanda gari la kabichi nikaenda Beni. Nilikudanganya kwamba nafuata rangi nyekundu, nisamehe na hilo. Njia nzima nilikuwa najiambia, akikasirika na kumkataa mtoto, utamwambia nini mtoto?

Nilimkuta mbele ya ile ordinateur yake, kompyuta ya kuchapia, jenereta inanguruma nyuma. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, hata lile la kufurahi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kuya."

Akanipeleka uani. Unajua lori lilikufa injini mwaka jana. Sikujua kwamba mbavu zake mbili amezifanya kuta za kibanda cha jenereta. Akachukua mkono wangu kama mtoto, akauweka kwenye ubavu wa dereva. "Papasa." Nikaisikia W yangu chini ya BRIGADE, imeinuka kama mshono. Akanizungusha upande wa pili. "Papasa na huku." Bati lilikuwa laini kabisa. Hakukuwa na kitu.

"Siku ile Oicha niliona upande moja tu," akasema. "Kama ungeliacha jina yangu kwa akili, ungeliacha pande zote mbili. Mimi si mujinga, Kakule. Nilijua tangu Oicha, mbele ya kufika kanisani."

"Sasa mbona ulisema vile mbele ya batu?"

"Nilikuwa na furaha. Mutu wa furaha anasema mingi. Halafu ningerudisha ile maneno namna gani?" Akajikuna kidevu. "Mais kitu moja inanisumbua hii miaka yote. Juu ya nini upande wa chauffeur tu?"

Nilisimama pale na kiganja kwenye bati, na polepole ikanirudia. Kazi zangu zote nilizipaka rangi mara mbili, kama waandishi wote wanavyofanya. Upande wa kulia wa Wasingya ulipata rangi mbili. Lakini ule upande wa dereva, ule nilioukosea, ule uliochekwa na soko, nilipomaliza kuuandika upya kwa rangi mbili sikuridhika. Nilikuwa na aibu. Kulikuwa na mchana kama huu, baada ya mvua, hakuna mtu karakanani wala sokoni aliyenitazama, na nikapaka mara ya tatu, nene, polepole, herufi moja baada ya nyingine, ili angalau zile zinazoinama kushoto zisiweze kulaumiwa. Hakuna aliyeniomba. Kesho yake nilikuwa nimeshasahau.

Nilipomwambia, Papa Kasereka alicheka mpaka akashika ukuta. "Donc ni kosa yako ndiyo ilirudisha gari yangu!"

Nikamuuliza, "Na Masika?"

"Masika iko na nini mu hii habari? Nilimuitika juu ya karatasi yake. W yake inapita yako."

Tukarudi ndani, akanionyesha kile ulichoniambia mwaka jana, nikanuna siku mbili, kwamba herufi zangu zimo ndani ya mashine. Aliandika WASINGYA, akachagua nene, akachagua ya kubanwa, akachagua ya kuinama, na kabla sijafuta miwani ilikuwa imetokea. Nilitaka kuichukia, nikashindwa. Yeyote aliyezichora, huko aliko, aliijua shida ya mistari ya kulala na ya kusimama; matundu yake yote yako wazi. Nilimheshimu mtu huyo. Kisha nikamwambia Papa Kasereka, sasa iinamishe kushoto, ya upande wa dereva. Akatafuta juu, akatafuta chini, akavaa miwani, akavua. Hakuijua njia. Nilifurahi kama mtoto, siwezi kukuficha. "Masika atafanya," akasema, na akazima mashine kwa hasira kidogo.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Siku ya askari sikuwa shujaa, nilikuwa mtu anayeogopa na anayependa sifa, na ukikutana na siku ya namna hiyo na ukajikuta hivyo hivyo, usijichukie sana. Gari lilirudishwa na mchana mmoja ambao sikuwa nafikiria ushujaa hata kidogo. Nashukuru kwamba nimeujua mchana huo kabla hujaondoka. Nimekaa hapa nikiwa na moyo mwepesi ambao sikuwa nao muda mrefu. Insha yako nimeiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya kitenge alichokununulia mama yako. Ichane, au isahihishe, ni yako. Ila ukisahihisha, bakiza ile sehemu ya W, uliieleza vizuri.

Rangi ya pili imekauka. Ngoja.

Haya, nimemaliza. Nimepaka mara ya tatu, pande zote mbili safari hii. Usiliguse mpaka asubuhi, na mwambie mdogo wako asilikalie.

Kesho watalifunga juu ya gari, na utaona kitu ambacho kitakufanya useme baba amezeeka. Pande zote mbili nimeinamisha jina lako kulia. Unajua maana yake, wewe ni mtoto wa Nenda-Rudi: upande mmoja MASIKA inaenda Beni, upande wa pili inarudi Butembo. Watu watakucheka barabarani. Waache wacheke. Safari hii sikukosea.

Baba yako,
Kakule